Kasha Halivuji

"Umejaza kupita mstari," alisema Salha Mbwana.

Shemhilu hata hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kasha la kubebea maziwa, jagi la choya nyekundu mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anabana kifuniko cha chumba cha tatu. "Ndivyo tunavyojaza kule juu, dada. Huo mstari ni wenu ninyi watu wa karakana."

Salha alicheka, akamwacha. Wiki hiyo alikuwa na mengi kichwani, na choya iliyozidi kidogo haikuwa mojawapo. Ijumaa binti yake Raya alikuwa anaolewa. Nyumbani Chumbageni masufuria ya kuazima yalikuwa yamefika hadi barazani, na shangazi wa kutoka Pangani alikuwa amekwisha kugombana na kila mtu, hata na mpiga picha. Hapa karakanani angalau palikuwa na ubaridi, na kazi yenyewe ilikuwa ya mazoea: kuliangusha kasha kutoka mnarani, kulifungua, kuona pakavu, basi. Fundi wa majaribio alikuwa anaumwa. Shemhilu, msimamizi wa kituo cha kukusanyia maziwa Lushoto, alikuwa ameteremka Tanga kwa ajili ya harusi, akajitolea kushika nafasi yake.

Kasha lilipandishwa mnarani, likaachiwa. Lilitua kwa pembe, kama yatuavyo yote, maana droni hazina adabu ya kuweka kitu chini polepole. Likayumba, likatulia. Salha alipitisha kiganja chini yake na pembeni mwake. Pakavu kabisa. Akafungua kifuniko kikubwa, kisha vifuniko vidogo vya vyumba sita vilivyopangana mduara kama vipande vya chungwa.

Choya Shemhilu alikuwa ameitia katika chumba cha tatu tu. Vingine vyote vilikuwa na maji ya bomba. Lakini maji ya chumba cha nne yalikuwa na rangi ya waridi.

"Ulimwagia," alisema Salha.

"Sikumwagia."

"Basi jagi lilidondoka matone."

"Bi. Salha, mimi na wewe tumefahamiana tangu Raya yuko kwenye nepi. Nikikwambia sikumwagia, sikumwagia."

Salha alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Maji yalikuwa bado na rangi ile. Akaingiza kidole kwenye utando uliotenganisha vyumba viwili, akaupapasa kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na tundu wala ufa. Ulikuwa mzima, laini, kama ulivyotoka kwenye kalibu.

"Rudia," alisema. "Safari hii jaza mpaka mstarini."

Walirudia. Chumba cha nne kikatoka na maji meupe. Wakarudia tena, Shemhilu akijaza kama wanavyojaza kule juu, hadi kifuniko kinasukuma povu. Waridi. Wakaliangusha kasha hilohilo mara nyingine kadhaa bila kubadilisha maji, na kila lilipotua wekundu ulizidi kutembea, chumba hadi chumba, mpaka ukazunguka duara lote. Nje ya kasha halikutoka hata tone.

Salha akakaa sakafuni. Mwanamke wa umri wake hakai sakafuni mbele ya wanaume ovyo ovyo.

*

Raya alizaliwa katika miaka ya mchomo, wakati pwani nzima joto lilipanda na kukataa kushuka, na maziwa ya kina mama yakawa yanakauka kabla mzazi hajamaliza arobaini yake. Maziwa ya unga yalishibisha, lakini hayakuzuia homa. Watoto walioshinda homa ya joto walikuwa wale tu waliokunywa maziwa hai, yaliyotoka kwa mama mzima asiyeungua, na kina mama wa namna hiyo walikuwa milimani, Lushoto, Mlalo, Mtae, kulikobaki na ukungu. Maziwa yenyewe hayakuvumilia safari. Ukiyagandisha yanakufa, na ukiyaacha yapate joto yanachacha kabla hayajavuka Mombo.

Salha alikuwa mhandisi kijana, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka. Raya akilia, yeye akilia, akachora kasha. Joto lina njia zake za kuingia, hugusa, hupuliza, humulika, naye aliziba zote. Kuta alizijaza sufi ya mito ya kulalia, akaishindilia kati ya mabamba mawili na kufyonza hewa yote iliyobaki humo, kisha akalivika kasha ngozi inayong'aa ili jua lijitazame na kurudi zake. Kazi hiyo wengine pia wangeiweza. Jambo lililompatia jina lilikuwa utando wa ndani. Alijua, kama kila mtu wa pwani anavyojua, kwamba watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu na hawaoani. Mashirika ya mbali yalitaka kuchanganya maziwa yote kwenye pipa moja. Wazee wakasema heri watoto wafe kuliko pwani nzima igeuke ndugu bila kujijua, na Salha, aliyekuwa na mtoto mikononi, akawasikia na akawaelewa. Ndipo akatengeneza vyumba sita, kila chumba na mama yake, na kati yao utando unaojiponya: ukichanika, unajiunga wenyewe kabla tone halijapita.

Hivyo ndivyo alivyoamini.

Kila mama wa mlimani alikata ukanda wa kanga yake, akaufunga kwenye kifuniko cha chumba chake, na ukanda huo mtoto akakua nao. Wenye ukanda mmoja wakajuana kuwa ndugu. Wenye kanda tofauti wakaoana. Na siku kadhi anapokwenda kumuuliza bibi harusi ridhaa yake, pamekuwa na swali moja lililoongezwa, analiuliza kwa mama wa msichana: kasha linavuja? Naye mama anajibu: halivuji. Hapo ndipo vigelegele vinapoanza. Salha hakulitunga swali hilo wala hakuliomba. Lakini kila aliposikia vigelegele hivyo vikitoka nyumba ya jirani alijisikia fahari, na hilo hakuwahi kulificha.

"Hewa," alisema sasa, bado yuko sakafuni. "Niliviachia vyumba nafasi ya kidole kimoja cha hewa juu ya mstari. Hewa ikibanwa inakubali, maji hayakubali. Chumba kikijaa mpaka juu, kasha linapotua kwa pembe, maji hayana pa kwenda. Yanasukuma utando. Unaachia kufumba na kufumbua, halafu unajiponya. Hakuna alama. Ndiyo maana hatukuona kitu miaka yote hii, Shemhilu. Unajiponya."

Shemhilu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ingawa ilikwisha kauka.

"Hawawezi kuacha nafasi," alisema. "Mwanamke wa kwetu anayenyonyesha hamwagi maziwa. Yakianguka chini sisimizi wakayanywa, ziwa linakauka. Yote aliyokamua yanaingia, hata kama kifuniko inabidi akikalie."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mama yangu alinikataza hayohayo. Nilipokuwa na Raya, yale machache niliyokamua sikuthubutu kuyamwaga hata kwenye beseni." Akainamisha kichwa. "Nilijua kama mwanamke, nikasahau kama mhandisi. Nikachora mstari, nikadhani mstari utatosha."

Nje droni ya kituo ilipita juu ikitoka Lushoto na makasha ya jioni, manne yamening'inia tumboni mwake, yote yamejaa.

"Raya na Mahfudh," alisema Shemhilu mwishowe.

Hakuwa na haja ya kuendelea. Kwa miezi mingi kasha lilikuwa moja tu, la kwanza, na watoto wake sita walijulikana mji mzima. Kila mwaka walipigwa picha pamoja wamelizunguka, kwanza wakitambaa, kisha wakiwa na sare za shule, kisha wakiwa warefu kuliko lenyewe. Ni katika picha hizo Mahfudh alipoanza kusogea karibu na Raya, mwaka hadi mwaka, mpaka mama zao wakawa wanachekeana. Raya alikuwa chumba cha tatu. Mahfudh cha nne.

"Usimwambie mtu," Shemhilu alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Salha. "Nisikilize kwanza. Kesho nitawaambia kina mama kwamba vyumba vimebadilishwa, tutawapa vikubwa zaidi, hewa itakuwemo wasiijue. Tatizo limekwisha. Lakini ukisema ya nyuma, dada, hakuna atakayepokea kasha tena. Wiki ijayo mtoto wa nani atakufa kwa homa kwa sababu bibi yake amekataa maziwa? Na hao waliokwisha oana? Wana watoto. Utawaambia nini?"

"Na wao wawili?"

"Tone, Bi. Salha. Ni tone tu."

"Kila siku tone. Kwa miezi."

Shemhilu alilibeba jagi la choya hadi kwenye sinki na kulimimina lote, akaacha maji yakimbie muda mrefu.

*

Salha alipofika nyumbani alasiri ya siku iliyofuata, Raya alikuwa ukumbini amenyoosha miguu kwenye mkeka, Zaituni anamchora hina. Zaituni alikuwa jirani yao, mpambaji wa mtaa mzima, na mimba yake ilikuwa imefikia mahali ambapo ilimbidi achore akiwa amelala ubavu. Yeye na mumewe Twaha walilelewa na kasha moja, kanda tofauti, na walikuwa wameoana mwaka uliopita. Salha mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopiga vigelegele.

Pembeni, kwenye kiti cha heshima, alikaa Bi. Tabia wa Mlalo, mama wa maziwa wa Raya, mama mnene, mchangamfu, mwenye sweta ambalo alikataa kulivua japokuwa Tanga nzima ilikuwa inatokota.

"Shikamoo dada," Salha alimwamkia.

"Marahaba, mwenzangu. Njoo umwone mtoto wetu. Si amenawiri?"

Salha aliketi. Alitaka kuuliza jambo lingine lolote, bei ya viazi, habari za mvua. Lakini mdomo ulikwenda ulikotaka. "Bi. Tabia, zamani zile, ulikuwa unajazaje?"

"Kujaza nini?"

"Chumba chako. Kwenye kasha."

Bi. Tabia akacheka mpaka sweta likatikisika. "Mpaka pomoni! Mimi nilikuwa na maziwa, nyie mnasikia? Wengine walikuwa wanajaza, mimi nilikuwa nashindilia. Yule mama wa maziwa wa Mahfudh, marehemu Bi. Mwajuma, chumba chake kilikuwa karibu na changu, tulikuwa tunashindana nani atafunga kifuniko kwa shida zaidi. Nilisema huyu mtoto wa watu hatalala njaa kwa ajili yangu." Akageuka akamtazama Raya, na machozi yakamlengalenga. "Na hakulala."

"Hakulala," Salha alisema.

Alilazimika kuinuka, akajifanya anatafuta leso. Alimpenda mwanamke yule. Alikuwa na deni kwake lisilolipika, na sasa alitamani mwanamke huyo angekuwa mchoyo, mvivu, mwenye maziwa haba. Alijichukia kwa kutamani hivyo.

"Mama, kaa basi," Raya aliita. "Hebu tufanye mazoezi. Mimi kadhi." Akakunja uso, akajaza sauti kifuani, na Zaituni akaanza kucheka kabla hajasema kitu. "Bi. Salha binti Mbwana! Kasha linavuja?"

Wote walimtazama. Hina ilikuwa inanukia, na kutoka uani ilisikika sauti ya vitunguu vikikaangwa kwa ajili ya pilau ya kesho. Lilikuwa neno moja tu. Alikwisha kulisema mara nyingi, mikutanoni, kwa wageni, mbele ya kamera.

"Mama! Ukichelewa hivi kesho, Mahfudh atazimia huko msikitini." Raya alikuwa bado anacheka, ila sasa alikuwa anamwangalia vizuri. "Lingekuwa linavuja ungeniambia, au siyo?"

"Ningekuambia," Salha alisema.

Raya akaridhika, akarudisha mguu wake kwa Zaituni. Ukanda wa kanga ya Bi. Tabia, wa kijani na korosho nyeupe, ulikuwa umeshonwa tayari kwenye pindo la gauni lililotundikwa ukutani. Salha aliutazama mpaka macho yakauma. Alijiambia kwamba amelishughulikia. Shemhilu alikwisha panda mlimani alfajiri ile na vipimo vya vyumba vipya, na kuanzia sasa kila kitu kingekuwa sawa, kwa wote watakaozaliwa.

*

Kadhi alikuja Ijumaa baada ya sala, na mashahidi wawili. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti tamu, aliyependwa kwa sababu hakurefusha mambo. Mahfudh alikuwa msikitini anasubiri pamoja na baba mdogo wa Raya, aliyekuwa walii, msimamizi wa ndoa, kwa kuwa baba yake Raya alikwisha fariki. Kadhi aliwekewa kiti mlangoni mwa chumba cha bibi harusi. Ndani, Raya alikuwa kitandani amefunikwa shela. Wanawake walijazana mpaka dirishani. Bi. Tabia alikaa kulia kwa Raya na Salha kushoto, na Zaituni aliegemea mlango, mkono juu ya tumbo, kwa kuwa hakuweza tena kupenya.

Kadhi aliuliza ridhaa mara zote zinazotakiwa. Raya alijibu kwa sauti ndogo inayosikika, kama inavyopasa. Pakatokea minong'ono ya furaha, na mtu mmoja akaanza kujikohoza tayari kwa kigelegele.

"Sasa," alisema kadhi, akatabasamu, "leo nina bahati. Swali hili nimewauliza kina mama wengi wa mji huu, na wote walijibu kwa kuamini neno la mtu mwingine. Leo namuuliza mwenyewe." Wanawake wakacheka. Akageuka. "Bi. Salha. Kasha linavuja?"

Salha alikuwa amejiandaa. Asubuhi ile alikuwa amelisema lile neno bafuni, maji yakiwa wazi, tena na tena, mpaka likawa halina maana yoyote, sauti tupu. Alifungua kinywa ili aitoe sauti hiyo.

Chini ya shela, mkono wa Raya wenye hina ulimtafuta, ukampata, ukakaa juu ya wake. Haukumbana. Ulikaa tu, kama unavyokaa mkono wa mtu asiyekuwa na wasiwasi.

Akawaona watoto wa wiki ijayo, wenye homa, na mabibi zao waliozifungia droni milango. Aliwaona kwa uwazi kabisa. Shemhilu hakuwa amekosea hata neno moja. Na hata hivyo lile neno la bafuni halikuja.

"Linavuja," alisema.

Kicheko kikalipuka. Bi. Salha huyo, na mizaha yake! Bi. Tabia alimpiga bega kwa upole. Kadhi naye alicheka, akatikisa kidole, akasubiri jibu la kweli. Salha hakuinua uso. Kicheko kikaanza kupungua, kwanza karibu na kitanda, kisha mlangoni, na dirishani kilikuwa cha mwisho kunyamaza, maana kule walikuwa hawaoni uso wake.

"Mama?" Raya alisema.

"Nililijaribu juzi. Vyumba vikijaa mpaka juu, vinachanganyika. Hakuna anayeweza kuona. Nimeangusha kasha kwa mikono yangu, nikaona." Alisikia sauti yake ikiendelea kama ya mtu mwingine. "Nilikuambia ningekuambia. Nimechelewa, mwanangu. Nimechelewa, nisamehe."

Mkono wa Raya uliondoka. Uliondoka taratibu, ukarudi ndani ya shela, na hapo Salha akajua kwamba jambo lile limekwisha kutendeka na halina wa kulirudisha. Bi. Tabia alikuwa anatikisa kichwa. "Mimi nilijaza tu," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Nilijaza tu mtoto ashibe." Kadhi alisimama. Akawatazama mashahidi wake, na mmoja wao, kijana, alikuwa ameshika ukuta. Naye alikuwa na ukanda wake, mwekundu, mkononi kama saa.

Hakuna aliyelia bado. Walikuwa wanahesabu. Salha aliona midomo ikitembea bila sauti, wanawake wakipitisha akilini majina ya mabinti zao, ya wakwe, ya wajukuu, kasha la nani, mwaka gani, chumba kipi na kipi.

Zaituni hakuwa anahesabu. Alikuwa amesogea kutoka mlangoni, na watu wakampisha, mikono yake yote miwili imeshika tumbo kwa chini kana kwamba lingeanguka. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa hina ya Raya.

"Tangu lini, Bi. Salha?" aliuliza kwa adabu ileile aliyomwamkia nayo kila siku. "Ni haya makasha mapya tu, siyo? Tangu lini?"

Salha alimtazama usoni, kwa kuwa angalau hilo Zaituni alikuwa anamdai.

"Tangu la kwanza," alisema.